Toledo: Msikiti Wenye Jina la Kristo, Sinagogi Lenye Jina la Maria

Katika mji wa Toledo, Uhispania, kuna msikiti unaoitwa Kristo wa Nuru na sinagogi linaloitwa Mtakatifu Maria Mweupe. Kuna kanisa lenye maandishi ya Kiarabu kuzunguka madirisha yake. Na ndani ya kanisa kuu, karibu kabisa na madhabahu, imesimamishwa sanamu ya faqihi, yaani mwanazuoni wa sheria za Kiislamu. Mgeni anayefika kwa treni asubuhi na kuondoka jioni huviona vyote hivi, hupiga picha, humsikia kiongozi wa watalii akisema "mji wa tamaduni tatu", kisha hurudi Madrid akiwa na maswali mengi kuliko aliyokuja nayo.

Si kosa lake. Kauli hiyo ya tamaduni tatu inauza tiketi vizuri, lakini inamfanya mtu adhani kwamba Waislamu, Wayahudi na Wakristo waliishi hapa kwa mapenzi matupu, kila watu na majengo yao na mtindo wao, hadi siku moja akatokea mtu mbaya akaharibu kila kitu. Wengine, kwa kuchoshwa na hadithi hiyo, hurukia upande wa pili na kusema hapakuwa na lolote ila vita na ukandamizaji. Ugomvi huu una wenyewe. Katika karne ya 20 wanahistoria wawili wa Kihispania, Américo Castro na Claudio Sánchez-Albornoz, wote wakiwa uhamishoni baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, walirushiana maneno kwa miaka mingi: wa kwanza akidai Uhispania ilizaliwa na mchanganyiko wa watu hao watatu, wa pili akishikilia kwamba roho ya Uhispania ilikuwapo kabla Waarabu hawajavuka bahari.

Mimi naona majengo yenyewe ni mashahidi wazuri kuliko pande zote mbili, mradi uyaulize maswali yanayostahili. Usiulize "hili ni la dini gani?" Uliza nani alitoa fedha, nani alishika mwiko wa mwashi, nani alikuwa akitawala siku hiyo, na jengo lilibadili mikono lini. Mjini Toledo majibu ya maswali hayo manne ni nadra kuangukia kwa watu wamoja.

Mwaka wa kushika kichwani

Toledo iko kilomita 70 hivi kusini mwa Madrid, juu ya kilima cha mawe kinachozungukwa na mto Tajo pande tatu. Mahali kama hapo kila mtawala atapataka. Wavisigothi, watu wa asili ya Kijerumani waliotawala Uhispania baada ya Warumi, walipafanya makao makuu yao katika karne ya 6, na ni hapa, mwaka 589, mfalme Recaredo alipotangaza kwamba taifa lake linaacha mafundisho ya Ario, yasiyokubali kwamba Kristo ni sawa na Mungu Baba, na kuingia Ukatoliki. Majeshi ya Waislamu yaliyovuka kutoka Afrika Kaskazini mwaka 711 yaliuchukua mji huu mapema kabisa, ukawa Tulaytula kwa zaidi ya miaka 370. Kisha, tarehe 25 Mei 1085, Alfonso VI, mfalme wa León na Castilla, akaingia mjini kwa mapatano zaidi kuliko kwa upanga. Waislamu hawakuutawala tena.

Ushike huo mwaka 1085. Sehemu kubwa ya mambo yanayoonekana ya "Kiarabu" kwa macho ya mgeni, yaani matao, minara ya matofali na nakshi za jasi, ilijengwa baada ya mwaka huo, chini ya wafalme Wakristo. Mafundi wengi walikuwa Waislamu waliobaki, wale ambao Wahispania huwaita Mudéjar, au watu waliojifunza kazi kwao. Mnara wa kanisa la Santo Tomé, ambamo watu hupanga foleni kuona mchoro wa El Greco wa mazishi ya Bwana wa Orgaz, ni wa aina hiyo. Kanisa la San Román, lililowekwa wakfu mwaka 1221, ni la aina hiyo pia: watakatifu wa Kikristo wamechorwa ukutani, na nakshi za herufi za Kiarabu zimezunguka madirisha. Hakuna aliyeona ajabu. Huo ndio uliokuwa mtindo wa mjini, na mwenye fedha alijenga kwa mtindo wa mjini.

Msikiti wa mwaka 999

Ukitaka kuona kitu ambacho kweli kilijengwa wakati Waislamu wanatawala, anzia karibu na lango la kaskazini, kwenye kijengo cha matofali chenye upana wa mita nane hivi kila upande. Huu ndio uliokuwa msikiti wa Bab al-Mardum, ambao leo unaitwa Kristo wa Nuru. Simama nje, uangalie juu ya uso wake wa mbele. Utaona mstari wa maandishi ya Kikufi, mwandiko wa Kiarabu wa herufi za pembepembe, ila si ya rangi wala ya jiwe: matofali yenyewe yamepangwa yakawa herufi. Yanasema kwamba Ahmad ibn Hadidi aliujenga msikiti huu kwa mali yake akitumaini thawabu ya Mungu, kwamba msanifu alikuwa Musa ibn Ali, na kwamba kazi ilikamilika Muharram ya mwaka 390 wa Hijria, yaani mwisho wa mwaka 999 au mwanzo wa mwaka 1000. Majengo machache sana ya kale hukupa jina la mfadhili, jina la fundi na tarehe mlangoni.

Ndani kuna nguzo nne tu. Vichwa vya nguzo hizo si kazi ya Waislamu. Vimetolewa kwenye majengo ya Wavisigothi, kwa hiyo hata hapa pa kale pana mawe ya waliotangulia. Juu yake pamegawanyika vyumba tisa vya dari, na kila kimoja kina kuba yenye mpangilio wake wa mbavu. Chukua muda uzitazame zote tisa. Shingo itauma lakini utaona fundi akicheza.

Katika karne ya 12, baada ya mji kuwa wa Wakristo, jengo likakabidhiwa mashujaa wa shirika la Mtakatifu Yohane, watawa wapiganaji, nao wakaongeza sehemu ya madhabahu yenye umbo la nusu duara. Waliijenga kwa matofali yaleyale na kwa matao yaleyale, hata mgeni asiyeambiwa huenda asijue msikiti umeishia wapi na kanisa limeanzia wapi. Jina la Kristo wa Nuru lina hekaya yake: inasimuliwa kwamba farasi wa Alfonso VI alipiga magoti mbele ya mahali hapa, ukuta ukabomolewa, ikakutwa taa iliyokuwa ikiwaka mbele ya msalaba tangu enzi za Wavisigothi. Hekaya za namna hii zina kazi. Zinamwambia msikilizaji kwamba jengo halikuchukuliwa, bali limerudi kwa mwenyewe.

Msikiti mkuu wa mji ulipata hekaya ya kinyume. Alfonso alikuwa ameahidi kwamba utabaki kwa Waislamu. Mwaka 1086, hata mwaka wa pili haujatimia, ukawa kanisa kuu. Wanahistoria wa zamani wa Castilla walisimulia kwamba mfalme alikuwa safarini, na kwamba malkia Constanza na askofu mkuu Bernardo, Mfaransa, ndio walioutwaa; mfalme akarudi amekasirika, na faqihi Abu Walid akamsihi awasamehe ili pasitokee maafa makubwa zaidi. Sanamu niliyoitaja mwanzoni ni ya faqihi huyo. Ukweli wa kisa hicho hauna hakika, lakini kuwekwa kwake kwenye sehemu takatifu kuliko zote kunaonyesha kwamba ahadi iliyovunjwa ilikuwa bado inahitaji maelezo. Jengo la sasa lilianzishwa mwaka 1226 na kukamilika mwaka 1493. Ni la mtindo wa Gothi wa Kifaransa, lakini inua macho nyuma ya madhabahu: kwenye safu ya matao madogo ya juu utakuta matao yanayopishana kwa mtindo wa Andalusia.

Masinagogi mawili

Mtaa wa Wayahudi uko magharibi mwa mji, na utajua umefika kwa vigae vidogo vyenye alama za Kiyahudi vilivyopachikwa chini na kutani. Masinagogi yalikuwa mengi, yamebaki mawili.

Santa María la Blanca, yaani Mtakatifu Maria Mweupe, ndilo linalowachanganya watu zaidi. Ndani ni weupe mtupu: safu za nguzo nene za pembe nane, matao yanayojikunja kwa ndani kama kiatu cha farasi, vichwa vya nguzo vilivyofinyangwa kwa jasi vikiwa na mifano ya koni za misonobari. Mtu yeyote angeapa kwamba ni msikiti. Lakini lilijengwa kuwa sinagogi, kati ya mwisho wa karne ya 12 na karne ya 13, katika ufalme wa Kikristo, kwa mtindo wa Almohadi, watawala Waislamu wa kusini ambao wakati huo walikuwa maadui wa Castilla. Zaidi ya hayo, ni ukali wa hao Almohadi uliowafanya Wayahudi wengi wa kusini wakimbilie Toledo. Wakimbizi wakasali chini ya matao yanayofanana na ya waliowafukuza. Kwa watu wa wakati ule tao lilikuwa tao. Halikuwa bendera ya mtu.

El Tránsito, sinagogi la pili, ni jambo lingine. Kwa nje utalipita bila kuligeukia. Ndani ni ukumbi mmoja mrefu wenye dari ya mbao, na kuta zake za juu zimejaa lipu ya jasi iliyochongwa majani, matao na maandishi. Aliyewahi kusimama mbele ya zidaka za nyumba za kale za Lamu ataujua ufundi huu kwa haraka, ila hapa umepanda hadi karibu na dari na kuzunguka ukumbi mzima. Sogea kwenye ukuta wa mashariki, usome kwa kubagua. Mistari mirefu ni ya Kiebrania: zaburi, na sifa za mfadhili. Katikati ya majani kuna Kiarabu. Na panapoonekana wazi kabisa kuna ngome na simba, nembo za mfalme wa Castilla na León. Lugha mbili na mamlaka ya tatu kwenye ukuta mmoja, na kila kimoja kina sababu yake.

Mfadhili alikuwa Samuel ha-Levi, mweka hazina wa mfalme Pedro I. Sheria za wakati huo zilizuia masinagogi mapya kujengwa bila ruhusa ya mfalme, na kanisa lilisimamia jambo hilo kwa macho makali. Samuel alijenga, miaka ya 1350, kwa sababu alikuwa na sikio la mfalme. Nembo zile kwa hiyo si pambo: ni stakabadhi ya kibali, zimebandikwa mahali ambapo kila mtu angeziona. Maandishi yenyewe yanamsifu mfalme. Haikusaidia. Mwaka 1360 Pedro alimkamata mweka hazina wake, akamnyang'anya mali, na Samuel akafa akiteswa huko Sevilla. Sinagogi likabaki la Wayahudi mpaka mwaka 1492, kisha likapewa shirika la mashujaa wa Calatrava.

Ukielewa ukuta huo mmoja, umeelewa jinsi watu walivyoishi pamoja.

Haukuwa urafiki, ulikuwa mkataba

Chini ya Waislamu, Wakristo na Wayahudi walikuwa Watu wa Kitabu: walilipa kodi ya jizya, wakaachiwa sala zao, mahakama zao na viongozi wao, lakini katika ngazi ya chini. Baada ya 1085 meza ikageuzwa. Sasa Waislamu na Wayahudi ndio walioishi kwa ulinzi wa mfalme na kwa kodi. Waislamu wengi wenye elimu na uwezo walihama kuelekea kusini. Mnajimu mkubwa al-Zarqali, ambaye kazi zake za kupima mwendo wa nyota zilikuja kusomwa Ulaya nzima, ni mmoja wa walioondoka. Mkataba wa namna hii hudumu kadiri mtawala anavyowahitaji wanaolindwa. Alfonso alihitaji mafundi, wakulima, watoza kodi na watu wa kuzungumza na tawala za kusini. Hakuwahitaji kwa sababu aliwapenda.

Na hesabu yenyewe ya makundi matatu ina kasoro. Wakristo hawakuwa kundi moja. Kulikuwa na Wamozarabu, Wakristo waliokaa chini ya Waislamu kwa karne nne, wakasema Kiarabu na kuitana majina ya Kiarabu. Kulikuwa na Wacastilla waliokuja na mfalme. Na kulikuwa na Wafaranki, watu wa Ufaransa kama yule askofu Bernardo. Kila kundi lilikuwa na sheria zake. Wamozarabu walipewa hati yao mwaka 1101. Hata ibada ziligombaniwa, kwa kuwa Roma ilitaka liturujia yake ishike kila mahali. Wamozarabu wakang'ang'ania ya kwao, na hadi leo husaliwa katika kikanisa chao ndani ya kanisa kuu, alichokianzisha kardinali Cisneros mwanzoni mwa karne ya 16.

Ushahidi ninaoupenda hauvutii watalii hata kidogo: ni hati za mauzo. Zimebaki zaidi ya elfu moja za karne ya 12 na 13, za nyumba, mashamba ya mizabibu na visima, zilizoandikwa kwa Kiarabu na Wakristo wa Toledo wakiuziana wao kwa wao. Mapadri na masista wamo. Mji umekuwa wa Kikristo kwa zaidi ya miaka mia, na mwandishi wa mikataba bado anaandika kuanzia kulia. Hakuna itikadi hapo. Mtu huandika mkataba kwa lugha ambayo mahakama na majirani wanaielewa.

Sifa ya Toledo ya kutafsiri vitabu ilitokana na mazingira hayohayo. Watu husema "Shule ya Watafsiri" kana kwamba palikuwa na jengo na kengele. Hapakuwa. Walikuwa wasomi mmoja mmoja waliofuata maktaba za Kiarabu zilizobaki mjini, wengi wakitegemea mifuko ya kanisa kuu. Gerardo wa Cremona alikuja kutoka Italia akiitafuta *Almagesti*, kitabu cha Ptolemaio cha elimu ya nyota, akamaliza kuitafsiri mwaka 1175, akaendelea na vitabu vingine kadhaa, vikiwamo *Kanuni za Tiba* za Ibn Sina. Kazi mara nyingi ilifanywa na wawili: Myahudi aitwaye Avendauth alisoma Kiarabu cha Ibn Sina na kukitamka neno kwa neno kwa lugha ya mtaani, na padri Domingo Gundisalvo akaandika Kilatini. Karne moja baadaye Alfonso X, aliyetawala 1252 hadi 1284, alitaka vitabu vya nyota viishie kwenye Kicastilla chenyewe badala ya Kilatini, na akawatumia wasomi Wayahudi kama Isaac ben Sid.

Mkataba ulipovunjika, ulivunjika kwa hatua. Mwaka 1391 ghasia zilizoanzia Sevilla zikafika Toledo. Wayahudi wakauawa, wengine wakabatizwa kwa hofu. Mwanzoni mwa karne ya 15 Santa María la Blanca likafanywa kanisa. Kisha ikaja hatua ambayo kwangu mimi ndiyo nzito kuliko zote, kwa sababu iliwagusa watu waliokuwa tayari Wakristo. Mwaka 1449 wakazi waliasi kwa sababu ya mkopo wa lazima waliodaiwa na serikali, hasira ikawaangukia watoza kodi wenye asili ya Kiyahudi, na viongozi wa uasi wakapitisha kanuni kwamba mtu wa asili hiyo, hata akiwa amebatizwa, asishike madaraka mjini. Papa Nicholas V aliilaani mwaka huohuo. Haikufa. Kabla ya hapo ubatizo ulikuwa mlango. Sasa damu ikawa ukuta. Mahakama ya Inkwizisheni, iliyowasaka Wakristo walioshukiwa kuendelea na dini zao za zamani, ilihamia Toledo mwaka 1485, Wayahudi wakafukuzwa Uhispania mwaka 1492, Waislamu wa Castilla wakaambiwa wabatizwe au waondoke mwaka 1502, na mwaka 1547 kanisa kuu la Toledo likaweka sharti la "usafi wa damu" kwa waliotaka nafasi ndani yake.

Jengo la San Juan de los Reyes linasimama ukingoni mwa mtaa wa Wayahudi. Malkia Isabel na mfalme Fernando walilianzisha baada ya kushinda vita vya kugombea taji, wakikusudia kuzikwa hapo, kabla ya kubadili nia na kuchagua Granada. Kwenye kuta zake za nje imening'inizwa minyororo, ya mateka Wakristo waliofunguliwa katika vita vya kuiteka Granada, ufalme wa mwisho wa Waislamu nchini humo. Watu wa mtaa walipita chini yake kila siku.

Ukienda

Mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya atahitaji visa ya Schengen, na ndiyo sehemu ngumu ya safari. Kutoka kituo cha Atocha, Madrid, treni ya mwendo kasi huchukua takriban nusu saa. Kata tiketi mapema, hujaa. Mji ni milima na mawe ya mviringo, kwa hiyo viatu vya soli laini vitakutesa, ila kuna ngazi za umeme karibu na lango la Bisagra. Julai na Agosti joto hupita nyuzi 35. Kama unaweza, lala usiku mmoja, maana wageni wa siku moja wakishaondoka mitaa inapitika. Mazapán, peremende ya lozi na sukari, inunue kwa masista. Kama huli nguruwe, uliza kabla ya kuagiza: carcamusas, mchuzi unaopendwa sana baa za hapa, ni nyama hiyo.

Kuhusu tiketi, kuna ukanda wa mkononi wanaouita pulsera turística unaofungua majengo saba, yakiwamo Kristo wa Nuru, Santa María la Blanca, Santo Tomé na San Juan de los Reyes. Kanisa kuu lina tiketi yake. El Tránsito nalo haliko kwenye ukanda, kwa sababu ni mali ya serikali, Jumba la Makumbusho la Wasefaradi, yaani Wayahudi wenye asili ya Uhispania. Jumatatu hufungwa, na Jumamosi mchana na Jumapili huingiwa bure. Santa María la Blanca ni la Jimbo Kuu la Toledo, na fedha ya mlangoni huenda huko. Jumuiya za Kiyahudi za Uhispania ziliwahi kuomba hadharani lirudishwe kwao kama ishara ya maridhiano. Bado liko mikononi mwa kanisa.